Kengele ya Kanisa la Ganjoni

Jumatano, 5 Juni 1996
Uchaguzi wa mzee wa kanisa ni Jumapili. Mpinzani wangu ni Mama Mwikali, mwalimu wa kwaya. Watu wanampenda. Sijui kwa nini! Lakini nimepata njia. Kanisa letu ni dogo, la mawe na chokaa, lilijengwa na wamishonari wa Kiingereza zama za Malkia Victoria. Watu wakavu wale. Hawakutaka mnara, hawakutaka kengele. Eti ni majivuno. Miaka mia tunaitana kwa kukohoa. Nitawaletea kengele!

Alhamisi, 6 Juni
Nimeipata kazini, huko reli. Kengele ya stesheni iliyofungwa. Nzito kama ndama! Nimeileta kwa mkokoteni, ndani ya gunia. Mwikali akauliza nimebeba nini. Viazi, nikasema. Akasema hajapata kusikia viazi vikilia.

Jumamosi, 8 Juni
Nimeazima ngazi kwa jirani wa kanisa, Bwana Athmani, seremala. Akaja nayo mwenyewe. Akaigonga boriti iliyo juu ya mimbari, unga ukamwagika.
“Ndugu yangu Kaingu, hii imeliwa na mchwa. Imesimama kwa heshima tu.”
Nikamshukuru. Alipoondoka nikaifunga kengele pale pale. Mafundi hupenda kutisha watu.

Jumapili, 9 Juni
Nilivuta kamba kwa nguvu zote. Mlio mmoja. Mtamu! Kisha kengele, boriti na mabati mawili, vyote juu ya mimbari. Mhubiri alikuwa bado nje anafunga tai, Mungu ashukuriwe. Humu ndimo nilimobatizwa, na mama yangu kabla yangu. Mwikali akanijia mbio, akanipangusa vumbi usoni kwa ncha ya leso yake, akauliza nimeumia wapi. Akaanzisha wimbo, watu wakaitikia jua likituchoma vichwani.
Kura zote kapata yeye. Hata yangu.

Jumatatu, 10 Juni
Athmani kaleta boriti mpya ya mvule. Mwikali kaniteua msimamizi wa ukarabati. Alisema akiniacha bila kazi nitamaliza na kuta. Nimeahidi mbele ya wote kutogusa kitu bila ruhusa. Niliahidi kwa moyo, wallahi, hata Athmani akacheka.
Kisha nikapanda kulitazama tundu. Pana, lipo katikati kabisa. Mnara ungepita hapo bila taabu! Nimemwambia Athmani asiwe na haraka ya kuliziba.