Hotuba ya Kamishna Crenshaw ya Kuzindua Daraja la Umoja Kati ya Kentucky na Ohio

Mheshimiwa Hakimu wa Kaunti na Mama Hakimu. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Daraja, pamoja na wajumbe wa Kamati Ndogo inayoichunguza Kamati ya Daraja. Kanali Maupin, ambaye mashamba yake ya tumbaku hayajawahi kuonekana mwisho. Wachungaji wa Kibaptisti wa Kusini na wachungaji wa Kibaptisti wa Kaskazini, ambao tumewakalisha mbalimbali kwa sababu za kiusalama. Wageni wetu wa ng'ambo ya mto, wana Ohio, mkiongozwa na Mchungaji Whitcomb. Mke wangu Cordelia. Mabibi na mabwana. (Makofi.) Mimi, Lucius Crenshaw, Kamishna wa Mito, Vivuko na Maelewano, nasimama mbele yenu nikiwa na unyenyekevu ambao wengi wameusifu.

Ndugu wananchi, mwaka huu wa elfu moja mia nane na sitini taifa letu linapita katika kipindi cha mitazamo mtambuka. Wapo wanaosema hivi, wapo wanaosema vile, na nipo mimi, ambaye baada ya upembuzi yakinifu nimebaini kwamba wote wana hoja. Asilimia tisini na moja ya wananchi wanaupenda umoja, hasa umoja wa upande wao. Chanzo cha tofauti zetu ni lile jambo ambalo Kamati imeazimia lisitajwe jukwaani. (Sauti kutoka kwa wana Ohio: "Utumwa.") Asante. Karani, futa. (Sauti kutoka kwa wana Kentucky: "Mali zetu.") Futa na hilo.

Mtakumbuka kwamba wadau wa Kentucky walikuja ofisini kwangu wakaniambia, Lucius, ukijenga daraja, siku ya pili utaamka huna wa kukuchemshia kahawa, wote watakuwa wameshavukia Ohio kwenye uhuru. Wadau wa Ohio nao wakaniambia, Kamishna, ukijenga daraja, wawindaji wa watoro watatuvamia usiku na mchana na mbwa wao. Kiongozi dhaifu angechagua upande. Mimi nilibuni daraja shirikishi, linaloanzia pande zote mbili kwa wakati mmoja, na likikaribia katikati linasimama, kwa kuheshimiana. (Mtu mmoja anapiga makofi. Ni shemeji wa Mheshimiwa.)

Wala msidhani kwamba nazungumza nadharia. Hata nyumbani kwangu lile jambo lipo. Yupo Esau, mpiga makasia wangu, na yupo mkewe Keziah, mpishi. Jumatatu Keziah anahamishiwa kituo kipya cha kazi huko New Orleans. (Mchungaji Whitcomb: "Umemuuza.") Nimemhamisha, Mchungaji, kwa kuzingatia mahitaji ya sekta ya sukari. Esau alikuja barazani, akavua kofia, akaniambia, "Bwana, basi tuhamishe wote wawili." Nikamjibu kwamba ombi lake limepokelewa na litafanyiwa kazi. Hakubisha, hakulia. Aliniuliza tu kama mashua ipakwe lami upya kwa ajili ya sherehe hii. Huo ndio utulivu ninaouhubiri kwa taifa zima. (Minong'ono. Watu wanageuka kutazama mtoni.) Naomba mtazame mbele. Kanali, una la kusema?

(Kanali Maupin: "Lucius, mashua yako inavuka.") Inavuka kwa idhini yangu, Esau anakwenda kuwaleta wapiga fidla. (Kanali Maupin: "Na mkeo anafuata nini huko?") Sijakuelewa. (Kanali Maupin: "Mkeo yumo. Kofia yake ya manyoya, shela usoni, glavu mikononi. Nimempa mkono mimi mwenyewe akapanda. Nimemsalimu, hakuitikia, nikajua ndiye.") (Kicheko.) Kanali, mke wangu huyu hapa nyuma yangu. (Bi Cordelia anasimama. Kichwa chake ki wazi.) Cordelia, kofia yako iko wapi? (Bi Cordelia: "Keziah kaichukua asubuhi. Kasema anaipiga brashi.")

Ndugu wananchi, naomba utulivu wakati serikali inatafakari. Je, kuna mwenye mashua nyingine? (Mchungaji Whitcomb: "Sisi tumekuja na hiyohiyo yako.") (Kanali Maupin: "Si una daraja, Mheshimiwa? Wafuate kwa daraja.") (Kicheko cha Kentucky na Ohio kwa pamoja, kwa mara ya kwanza mwaka huu.) Esau. Esau, unanisikia? Ombi lako limekubaliwa, rudini tuzungumze kiungwana. (Sauti ya Esau, kutoka mtoni: "Limeshafanyiwa kazi, bwana.") (Mashua inagusa ukingo wa Ohio. Mwanamume anamshika mkono mwanamke mwenye kofia. Wanapanda kilima bila kugeuka nyuma.)

(Kanali Maupin: "Nitawapeleka mbwa wangu hukohuko.") (Mchungaji Whitcomb: "Peleka. Kwetu hutampata mtu aliyewaona, na mimi mchungaji nitakuwa wa kwanza kutowaona.") (Viti vinanyanyuliwa. Bi Cordelia anashuka jukwaani, anaelekea nyumbani peke yake.) Cordelia, sijamaliza.

Nahitimisha. Nikisema Kentucky, mseme Ohio. Kentucky. (Kimya.) Umoja hoyee. (Shemeji: "Hoyee.") Daraja ni umoja, umoja ni maendeleo, maendeleo ni Crenshaw.

Nawashukuru wahandisi, ambao tutawatafuta. Nawashukuru waashi kwa mawe ambayo wangeyachonga. Namshukuru seremala aliyejenga jukwaa hili, maana hizi ndizo mbao zote ambazo mradi umewahi kuziona. Na kwa namna ya pekee nawashukuru ninyi mnaouliza daraja lenyewe liko wapi, kwa kuwa swali zuri ndilo msingi wa maendeleo, na kwa sasa ndio msingi pekee ambao daraja hili linao.