Tangi Lililokosa Pumzi

Jumapili, baada ya alasiri, Redio alifika barazani kwetu Al Baraha ameinyoosha simu mbele yake kama mtu aliyebeba bakuli la uji wa moto. Kuna video, akasema, imeshazunguka makundi yote ya Deira, na sisi tutakuwa wa mwisho kuiona maana tumeolewa na chai ya karaki. Jina lake hasa ni Mahfudh, Mzanzibari, anauza spea kuukuu za magari. Redio tunamwita kwa kuwa hana pa kuzimia.

Video yenyewe fupi. Kichwa cha treni cha dizeli, kikubwa, kimepakwa rangi mpya, kinasukumwa na kichwa kingine kidogo kikongwe, kinarudishwa karakana kule Dubai Investments Park. Anayepiga picha anasikika akicheka. Chini yake mtu kaandika: Mgonjwa karudi wodini.

Tulicheka, isipokuwa wawili, na wote wawili ni mafundi wa karakana hiyo hiyo. Mmoja ni Eriya, Mganda, tunayemwita Askofu kwa sababu hagusi kikombe kabla ya kukiombea. Mwingine ni Wahid wa Mombasa, mtu mzima, miaka kumi na moja kazini bila kosa hata moja. Jina lake la baraza ni Taratibu.

"Tangi la hicho kichwa nilifunga mimi," Eriya akasema.

Redio akaizima video.

Akatueleza. Alhamisi kichwa kilitolewa kwenda majaribio, kikatembea nusu saa kikazima. Dizeli tele. Foromani wao, Sir Mohannad, akafungua kifuniko cha kujazia mafuta ili achungulie, tangi likavuta hewa fyuuu, na mashine ikawaka. Wakafunga kifuniko, nusu saa nyingine, ikazima tena. Mara tatu vile vile. Na kwenye kadi ya tangi, saini ya mwisho ni ya Eriya, ya Jumanne. Kesho saa moja asubuhi foromani anataka kusikia sababu. Karatasi ya kumwongezea mkataba ipo mezani, haijatiwa saini. Bila mkataba hakuna viza, na bila viza ni kufungasha kurudi Jinja.

Basi kila mtu akawa mhandisi. Redio akasema hilo ni jini, maana mashine inayopona ukiifungua kifuniko na kuugua ukiifunga haina ugonjwa wa hospitali. Alishaona mambo hayo kwenye friji, kule Malindi ya Unguja. Mimi nikasema maji yameingia kwenye dizeli, kwa kuwa nimefanya kazi melini na huko kila kitu kikiharibika tulisema ni maji. Wahid alikuwa anakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

Shakira akatunyamazisha. Huyu naye ni Mganda, anahudumu meza za chai ya asubuhi katika hoteli moja ya Al Rigga, na tumemzoea kwa jina la Madam kwa jinsi anavyotupanga. Akamtaka Eriya ataje alichokifunga, kimoja kimoja, aache habari za majini.

"Nyabo, nilifunga vyote," Eriya akasema. "Kifuniko cha kujazia, na mpira wake mpya. Nati ya kutolea maji chini. Kioo cha kupimia. Halafu mpira wa kupumulia. Huo unatoka juu ya tangi, unashuka pembeni, mdomo wake unaangalia chini, una kiwavu kidogo ndani. Vibanio viwili, nikavikaza, nikavuta kwa mkono. Haukucheza."

"Tangi linapumua?" Redio akauliza. "Lina mapafu?"

Shakira aliinuka akaenda kwa Rafiq, yule Mmalayali wa Kerala, India, mwenye mkahawa tunapokaa, akarudi na kopo la maziwa ambalo Rafiq hutilia kwenye karaki. Mnalijua: hutobolewa matundu mawili, moja huku, moja kule. Akaliinamisha juu ya kikombe cha Redio, maziwa yakamiminika. Akaziba tundu la pili kwa kidole. Maziwa yakapungua, yakawa matone, yakakoma. Akaondoa kidole, yakashuka tena.

"Ukitoa kitu, lazima hewa iingie mahali pake," akasema. "Mashine inanyonya dizeli, hewa haiingii, mwisho hakuna kinachotoka. Askofu, huo mpira wako umeziba."

"Jumanne nilipuliza kwa mdomo wangu. Ulikuwa wazi."

Rafiq akapiga kelele arudishiwe kopo lake. Wakati huo ndipo Wahid alipoacha kukoroga.

"Hebu tuseme," akaanza, polepole kama kawaida yake, "tuseme mtu kaufunga huo mdomo. Lakini kwa nia njema."

Tukamgeukia sote.

"Nia njema ipi?" Redio akauliza.

"Ya vumbi. Jumatano si mliona lile vumbi? Mbingu yote rangi ya bizari. Mimi nikapita pale uani, nikauona ule mpira umeachama. Nikachukua mfuko wa nailoni uliokuwa na tende, nikauvalisha, nikafunga kwa kamba." Akashusha sauti. "Nikapiga na bismillahi."

Hakuna aliyecheka mara moja. Mtu wa pwani anajua Wahid alilitoa wapi hilo. Kwetu chombo hakilali wazi. Chakula kina kawa lake, mtungi una kata na kifuniko, na asiye na kifuniko huweka hata kijiti juu na kutaja jina la Mungu. Wahid kalelewa hivyo, na mkono wake haujui kwamba sasa unafanya kazi ya treni.

Redio ndiye aliyeshindwa kujizuia. "Yakhe, mama yako alikwambia ufunike chakula. Dizeli anaila nani?"

"Vumbi likiingia tangini huharibu pampu," Wahid akajitetea.

"Ndiyo maana mdomo unaangalia chini na una kiwavu, Mzee," Eriya akasema. Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali angesema kwa hasira, maana Wahid aliinamisha kichwa mpaka kofia ikataka kuanguka.

Redio akatoa shauri lake. Kesho Wahid awahi kabla ya watu, atoe ule mfuko kimya kimya, khalas. Mashine itapona yenyewe, jini atakuwa kahama, na miaka kumi na moja ya Wahid itabaki safi. Nakiri nilianza kulipenda shauri hilo. Wahid naye alikwisha kuinua kichwa.

"Na kadi yangu itaandikwa nini?" Eriya akauliza. "Kwetu pale, sababu ikikosekana inaandikwa haijulikani. Na haijulikani ni ya mtu aliyesaini mwisho."

Shakira akaichukua simu ya Wahid mezani, akampa mkononi.

Wahid alimpigia foromani na kuweka spika, nadhani ili tumsaidie kuogopa. Lugha ya karakana yao ni Kiingereza cha kuungaunga na Kiarabu, kwa hiyo nawapa kwa Kiswahili. Alieleza yote: vumbi, mfuko, kamba. Bismillahi aliiruka.

"Kwa hiyo si Eriya," foromani akasema.

"Si Eriya, sir. Ni mimi. Yeye kazi yake ilikuwa nzuri."

"Vizuri. Karatasi yake nitaitia saini asubuhi. Wewe utapata barua ya onyo."

"Sawa, sir."

"Wahid. Pale uani vilikuwapo vichwa sita. Ulifunika mpira wa kimoja tu?"

Wahid akatutazama mmoja mmoja, kana kwamba kati yetu yupo mwenye jibu lingine.

"Vyote, sir. Vumbi lilikuwa la wote."

Tulisikia mtu akivuta pumzi kule, halafu maneno ya Kiarabu ambayo siyaandiki. Mwisho akasema kesho saa kumi na mbili, kabla ya mtu yeyote kuwasha chochote, Wahid atangulie na mkasi na Eriya amfuate na kalamu, kichwa baada ya kichwa. Akakata.

Redio alikuwa ameshalaza kipaji cha uso mezani, mabega yanatetemeka. Eriya akacheka naye, kicheko cha mtu aliyetuliwa gunia mgongoni, mpaka akajifuta macho. Kisha akakoma ghafla, akavuta kiti karibu na Wahid.

"Mzee, kesho mimi ndiye nasaini tena," akasema. "Niambie sasa hivi, tukiwa marafiki. Mbali na hiyo mipira, ni nini kingine ulichofunika?"

Wahid akafikiri, akaanza kuhesabu kwa vidole. Alipohamia mkono wa pili, Shakira akamwita Rafiq aongeze chai.