Antena ya Papa Atumani

Roger alipochungulia juu ya ua wa mianzi pale Kasongo na kuona ndege, hakushangaa, alifurahi. Ilikuwa ya vyuma vya baiskeli, imevikwa turubai la buluu, na injini ya pikipiki puani. Mtu anayejenga kitu kama hiki, Roger alijiambia, haulizi diploma.

Na diploma Roger hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni jina la "enjeniya" na kumbukumbu ya wavuvi wa Nyangwe, aliowauzia chumvi akidai inaita samaki.

"Papa, antena iko wapi?" akauliza kwa huzuni, kama daktari aliyekuta mgonjwa hana mapafu.

Mwenye ndege, fundi vyuma Atumani, akakuna kichwa. "Antena ya nini?"

"Ya kusema na watu wa chini! Utatokea juu ya mji wa Kabambare bila kupiga hodi? Watasema ni mchawi anapita!"

Mke wa Atumani, Ernestine, akashika kichupa chenye dhahabu ya machimbo ya Lusangi kilichoning'inia shingoni mwake. "Enjeniya, weka antena. Radio ikisema, hiki ni chako."

Kwa siku tatu Roger alifunga vyuma vya mwavuli mgongoni mwa ndege, kwa uso wa mtu anayepasua moyo.

"Lakini turubai si chuma," Atumani akasema. "Antena haitaki bati chini yake?"

Roger hakujua. "Nilikuwa nakupima, Papa," akajibu, akatafuta bati.

Ili kazi iaminike, alileta radio zake mbili za mkononi, vitu pekee maishani mwake ambavyo havikuwa vya uongo. Moja akaifunga ndani ya ndege, nyingine akampa Ernestine, aliyesimama mwisho wa uwanja wa mpira.

"Alo, Kabambare!"

"Nakusikia, Enjeniya!"

Watu wakapiga makofi. Roger akanyoosha mkono apewe kichupa.

"Bado," Ernestine akasema. "Imesema chini. Sasa iseme juu. Panda."

"Miye?"

"Nani mwengine anajua antena?"

Atumani akawasha injini. Ndege ikatetemeka kama mwenye malaria, buloni moja ya kukazia bawa ikadondoka. Atumani akaiokota, akaitazama, akaitia mfukoni.

Roger akakumbuka ghafla kwamba mama yake anaumwa. Alikimbia mpaka barabarani, kiatu kimoja kikabaki uwanjani, akarukia pikipiki ya kwanza iliyokuwa ikingoja abiria.

"Weye ulikuwa wa viti ao wa magurudumu?" mwendeshaji akauliza.

"Nini?"

"Wa viti alitoka Kalemie, wa magurudumu Kindu. Walileta vitu vizuri, wakakimbia siku ya kupanda."

Roger akatazama mguu wake mtupu. "Wa antena."

"Na radio umeziacha?"

"Zote mbili."

"Aa! Wachimbaji watazigombea mulangoni mwa Mama Ernestine, wazinunue kwa dhahabu."

"Weye unajua haya yote, na ulinyamaza?"

"Enjeniya," mwendeshaji akasema, akiongeza mwendo, "kila anayekimbia anapanda pikipiki yangu."