Taa Namba 31 na Galaksi ya Jirani

Fundi Saa,
Nyumba ya tano kutoka kona, yenye geti la kijani.

Kwa Mkuu wa Idara ya Taa za Barabarani,
Ofisi za Mji.

Ndugu Mkuu,

KUHUSU: KUREJESHEWA GIZA LA MTAA WETU

Kwanza nakupa pole kwa kazi. Najua meza yako imejaa barua za watu wanaoomba taa, na kwamba kila anayeingia ofisini kwako anataka mwanga zaidi. Mimi nataka mwanga upungue. Nakuomba usome barua hii ukiwa umekaa, na ikiwezekana usimpe karani akusomee, kwa sababu karani wako tayari ameshanicheka mara moja dirishani.

Mimi ni fundi saa. Kwa miaka ishirini na sita nimekaa nyuma ya meza yenye droo kumi na mbili, kioo cha kukuzia kikiwa kimebanwa kwenye jicho la kulia, nikishughulika na vijigurudumu ambavyo ukipiga chafya tu huvioni tena. Mwaka jana mteja wangu mmoja wa siku nyingi, aliyekuwa anahama, aliniachia darubini yake kuukuu pamoja na mashine ya kuizungusha. Mashine ilikuwa imekufa. Nilipoifungua nikakuta ni saa tu, kubwa kidogo: magurudumu, meno na mota. Kazi yake ni kuisogeza darubini taratibu kinyume na mzunguko wa dunia, ili nyota isitoroke kwenye kamera. Nikabadilisha gurudumu moja, nikatia mafuta, ikatembea. Nilipoiona inatembea nikajua nimekwisha.

Nilijenga nguzo ya zege nyuma ya nyumba, mahali mke wangu alipokuwa akianika mashuka, nikaifunga darubini juu yake, nikanunua kitabu, nikaanza kujifunza kupiga picha za vitu vya mbali kabisa angani. Nilianza na galaksi iitwayo Andromeda, ambayo kwa hesabu za angani ni jirani yetu. Nuru yake imesafiri miaka milioni mbili na nusu bila kusimama popote. Imepita kila kitu, Ndugu Mkuu. Imefika hadi juu ya kamba yangu ya kuanikia nguo, na hapo, ikiwa imebakiza mita nne, imekutana na taa yenu.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Taa yenyewe, namba 31. Fundi wenu alikuja mchana, akapanda ngazi, akaifunga, akaniambia, "Mzee, hapa usiku hata sindano utaiokota." Nilimshukuru kwa heshima, ingawa sikuwa nimepoteza sindano. Tangu siku hiyo taa inamulika barabara, inaruka ukuta, inamulika nguzo yangu. Kila picha ninayopiga inatoka nyeupe, na katikati ya weupe kuna doa. Mke wangu aliitazama ya kwanza, akaigeuza, akaitazama tena, akauliza, "Hii ni galaksi, au umepiga picha ya maziwa ndani ya sufuria?" Mtaani sasa naitwa Bwana Ukungu. Wateja wananiletea saa zao wakisema, "Bwana Ukungu, hii inachelewa dakika tano," na mimi naitikia.

Sitakuficha jambo. Ombi la kuletewa taa hiyo lilipozungushwa mtaani nami nilisaini. Sahihi yangu ni ya tatu kutoka juu. Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, ambaye ni muuguzi, alikuwa ametumbukia kwenye mtaro akirudi zamu ya usiku, akavunjika kiwiko, akakaa wiki saba akifanya kila kitu kwa mkono mmoja. Nilisaini kwa moyo wote. Lakini wakati huo sikuwa na darubini, na mtu asiye na darubini husaini chochote.

2. Kushindikana kwa njia za amani. Kabla ya kukuandikia nilijaribu kumaliza jambo hili bila kuisumbua serikali. Nilichukua blanketi zito la kijivu, nikalifunga kwenye mti mrefu wa kupakia rangi ukutani, nikaivalisha taa blanketi kama mtu anayejifukiza mvuke wa dawa. Giza lilikuwa zuri. Nilipiga picha dakika kumi na moja, kila dakika picha moja. Ya kumi na mbili upepo ulikuja, blanketi likashuka lote, na chini yake alikuwa anapita yule muuguzi akitoka kazini.

Nilipotoka nje alikuwa ameshajitoa, analikunja blanketi kwa pembe nne kama linavyokunjwa hospitalini. Akanikabidhi. Akasema, "Jirani, mimi ndiye ninayefunika watu kule kazini. Zamu yangu ya kufunikwa bado." Akaingia kwake.

Tangu usiku ule hanisalimii. Anapita akitazama mbele, kama vile geti langu ni ukuta. Mke wangu alipolazwa mwaka juzi, mwanamke huyu ndiye aliyekesha naye siku tatu, tena baada ya zamu yake kwisha. Nalitaja jambo hili ili uone taa yenu imetufikisha wapi. Picha ikitoka na ukungu naweza kupiga nyingine kesho.

3. Ushirikiano wa majirani. Nilimwendea mwenyekiti wa mtaa, naye ni mtu wa kusikiliza. Alitangaza kwamba Jumamosi, kuanzia saa tatu usiku, kila nyumba izime taa zake kwa saa moja ili fundi saa apate galaksi yake. Nyumba zote zilizima. Zote, hata ya muuguzi. Nilikaribia kulia. Lakini watu wakishazima taa hawajui wafanye nini ndani, kwa hiyo walitoka. Wakaja uani kwangu kuniuliza inaendeleaje, na kwa kuwa kulikuwa na giza, kila mmoja alikuja amewasha tochi ya simu. Nilihesabu tochi thelathini na nane. Mzee mmoja alimulika moja kwa moja ndani ya darubini, akasema haoni kitu, labda betri imekwisha. Na juu yetu sote taa namba 31 ilikuwa inawaka, kwa kuwa yenyewe haimo chini ya mwenyekiti.

4. Ufupi wa kukatika kwa umeme. Najua wananchi wengine wanakulalamikia umeme unapokatika. Mimi nalalamika kwamba unarudi. Mwezi uliopita ulikatika saa mbili na robo usiku. Mtaa mzima ukazama gizani, na mbingu ikafunguka mpaka nikaona kwa macho yangu matupu kile kidoa ambacho nimekitafuta tangu mwaka jana. Ndugu Mkuu, kilikuwa pale pale, hafifu, kama pumzi juu ya kioo cha saa. Nilikimbia. Kuiweka darubini sawa, kuilenga, kuunganisha kamera na kusubiri mitetemo itulie huchukua dakika arobaini, hata kwa fundi saa. Nilipobonyeza kitufe cha kwanza, umeme ukarudi. Mtaa mzima ukapiga makofi. Mimi nilikaa chini kwenye ndoo.

Huu ni ukosefu wa mipango. Umeme ukatike kwa ratiba inayojulikana, usiku usio na mawingu, na usikatike kwa chini ya saa nne. Ukikatika kidogo kidogo hivi hauwasaidii wanaotaka mwanga wala wanaotaka giza.

5. Mwezi. Natambua kwamba mwezi haumo katika idara yako. Hata hivyo unamulika barabara zenu zote bila kibali, tena karibu nusu ya kila mwezi unafanya kazi ile ile mnayoifanya ninyi. Kama mwezi upo, taa za nini? Na kama taa zipo, mwezi wa nini? Nilimuuliza mwenyekiti suala hili linahusu ofisi gani. Akasema nianze na ninyi.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo kwa unyenyekevu: taa namba 31 iondolewe. Ikiwa hilo ni gumu kwa kuwa imeandikwa kwenye daftari, basi zizimwe taa zote za mji, ili yangu isionekane imeonewa, kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi alfajiri, kila usiku usio na mwezi, kwa muda wa miaka tisa. Nimepiga hesabu. Orodha yangu ina vitu mia na kumi vya angani, na kwa kasi yangu ya sasa miaka tisa itatosha, ikibaki na wiki chache za ziada kwa ajili ya mvua.

Kuhusu muuguzi, sitaki aanguke tena. Niko tayari kumngojea kona kila anapotoka zamu na kumfikisha mlangoni kwa tochi nyekundu, maana mwanga mwekundu hauyaharibu macho yaliyozoea giza. Hajakubali. Sijamwambia, kwa kuwa hatuzungumzi.

Kama ushahidi naambatanisha picha mia mbili na kumi na mbili, zote za galaksi hiyo hiyo, za usiku tisa tofauti, zote zimeharibiwa na taa yenu. Leo nazipeleka studio ya picha iliyo jirani na kazini kwangu zichapishwe, ili uzione moja moja na uone aibu moja moja.

Nisalimie makarani wote, pamoja na yule aliyecheka. Nisalimie fundi wa ngazi. Mwambie sindano sijaiona bado. Na mlinzi wa getini, aliyenirudisha nyumbani mara mbili kwa kukosa bahasha ya rangi inayotakiwa, mwambie simlaumu, kila mtu ana kazi yake.

Mimi niliye tayari kutoa maelezo zaidi, mchana au usiku, hasa usiku,

Fundi Saa

Nyongeza, siku nne baadaye.

Barua hii, niliyoipitisha kwa mwenyekiti wa mtaa, nilitaka kuirudisha nyumbani. Mwenyekiti amekataa. Anasema ameshaigonga muhuri na kuipa namba, na barua yenye namba sharti ifike inakokwenda. Kwa hiyo inakuja. Viambatanisho haviji, na sina budi kueleza sababu.

Nilipokwenda studio, dada wa pale, ambaye kutwa nzima hupiga watu picha za vitambulisho, alinipa bahasha yenye picha moja. Nikamwambia nilileta mia mbili na kumi na mbili. Akasema, "Lakini si zote za kitu kimoja, baba? Nilidhani unataka niziunganishe. Moja moja hazina nguvu. Nikazipanga kwenye kompyuta, nyota juu ya nyota, halafu ule weupe nikautoa wote. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku, kuwatoa watu mng'aro kwenye paji la uso."

Nikamuuliza kama ana hakika kwamba picha za namna hii huunganishwa.

"Sasa wewe," akasema, "mia mbili zote hizo ulizipiga za nini?"

Nilirudi nyumbani nikafungua kitabu. Jambo hilo limeelezwa lote katika sura ya tisa: kwamba picha moja haitoshi hata penye giza totoro, kwamba anayepiga akiwa mjini hupiga nyingi, akaziweka pamoja, akaondoa mwanga wa mji, na kilichobaki ndicho alichokuwa anakitafuta. Mimi nilikuwa nimeishia sura ya sita. Sura ya sita ndiyo inayoeleza ubaya wa taa, na nilipoifikia niliona kitabu kimesema yote niliyotaka kuyasikia.

Picha ni hii, Ndugu Mkuu, ingawa huioni: duara refu limelala upande kama sahani inayotaka kudondoka, katikati lina rangi ya dhahabu, kingo zake zina mistari myeusi ya vumbi, na nyota zimetawanyika mbele yake pote. Mke wangu aliishika chini ya dirisha. Hakuigeuza. Akauliza, "Na hicho kidogo pembeni?" Nikamwambia hiyo ni galaksi nyingine, inamzunguka mwenzake. Akavaa kandambili, akavuka barabara na picha yangu mkononi bila kuniomba.

Alirudi na muuguzi, bado amevaa sare. Muuguzi alisimama sebuleni kwangu kwa mara ya kwanza tangu usiku wa blanketi. Akaitazama picha, akanitazama mimi, akauliza, "Hii uliipiga taa ikiwa inawaka?"

Nikakiri. Ilikuwa inawaka katika kila moja ya hizo mia mbili na kumi na mbili, isipokuwa kumi na moja za usiku wa blanketi, na dada wa studio anasema hizo kumi na moja zilikuwa zimetikisika, akazitupa.

"Basi habari za jioni, jirani," akasema.

Nikamwambia ni njema. Ameomba nakala ya kubandika wodini, ukutani, mbele ya vitanda vya wale wasiopata usingizi. Nimempa ile ile, nitachapisha nyingine. Taa iacheni ilipo. Wiki hii anatoka zamu saa sita usiku.