Miiba Mia Mbili na Sita

Jumatatu, 4 Machi

Simba wa chuo ameliwa na panya. Si simba wa kweli. Ni lile vazi lenye kichwa kikubwa ambalo mtu huvaa akarukaruka kando ya uwanja timu yao ya mpira wa mikono ikicheza. Lilikuwa stoo, panya wamemaliza uso wote. Nikasema Mungu si Athumani.

Kisha mjukuu wangu akanipa habari yenyewe. Linatengenezwa jipya, na atakayelivaa ni yeye. Yeye! Amekosa namba kikosini, sasa anataka kurukia humo ndani kama paka kwenye gunia. Nimemlea tangu ana meno mawili. Nimeshona mapazia ya nusu ya mji huu ili asomee utabibu wa mifugo, si ili awe mfugo.

Nimemmiminia chai tu. Lakini hilo vazi halitadumu.

(Daftari hili asilione. Herufi alinifundisha mwenyewe, hapa hapa mezani pa cherehani. Mimi shule sijaona hata mlango wake. Haya, ndiyo malipo yake.)

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda kwenye kikao chao cha kuchagua mnyama. Sikualikwa. Mpango: niwape mnyama asiyeshoneka, kazi iwashinde, waache.

Kocha, mrefu kama mlingoti, alitaka simba tena. Nikamwambia simba hulala mchana kutwa mkewe akihangaika, kama timu yake ndiyo hivyo basi sawa. Mwingine akataka mbuni. Nikamuuliza manyoya atayapachika nani. Hapo nikatia nungunungu. Mdogo, hajigambi, na hata chui akimgusa hujuta. Ila awe na miiba mia mbili, kila mmoja ushonwe peke yake, ujazwe sponji, usimame wima. Nani ana muda huo? Mechi ni Jumamosi!

Wakapiga makofi. Kocha alisimama kabisa. Mjukuu wangu akamchora pale pale ubaoni: pua ya mviringo, macho ya ukali, miiba hadi visigino. Mzuri, sikatai. Mdomo uliponza kichwa.

Jumatano, 6 Machi

Kazi wamempa Fundi Mluzi, wa duka la ubavuni mwangu. Anapiga mluzi tangu anapofungua hadi anapofunga, na mishono yake imepinda kama njia ya mbuzi. Lakini ana mkono mwepesi. Akishona yeye, Jumamosi litakuwa tayari.

Nikamwendea kocha. Nikamwambia mnyama ni wangu, mvaaji ni wangu, na kazi ni yangu. Alikubali upesi. Nadhani aliogopa. Fundi Mluzi akaniuliza kwa adabu kama nitaweza peke yangu, kwa umri huu. Umri! Nikamjibu chumvi niliyokula mimi ingemkausha.

Mpango wa pili: miiba yote naipiga bandi tu. Ile mishono mirefu ya kushikiza, ambayo fundi huivuta ikatoka yote kwa uzi mmoja. Dukani mnyama atasimama kama bwana harusi. Akiruka mara tatu uwanjani, ananyonyoka. Watu watacheka, mjukuu wangu atalia siku moja, Jumatatu atarudi kwenye vitabu. Dawa chungu, ndiyo. Lakini dawa.

Ijumaa, 8 Machi

Limekwisha. Miiba mia mbili na sita. Vidole vimevimba kama viazi. Dukani kwangu halikuenea, nikalitundika kwa Fundi Mluzi, maana kwake ni kupana. Alilitazama muda mrefu. Akagusa mwiba mmoja. Mluzi ukakatika. Wivu huo.

Jioni mjukuu wangu alikuja kulijaribu. Akaniita mke mwenzake, kama afanyavyo akifurahi, akanining'inia shingoni. Nikamwambia aniondokee, mgongo unauma. Hata chai sikuimaliza.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika polepole.

Nilikwenda chumba cha kuvalia nimfunge zipu. Mwili wote alikuwa ameshauvaa, kichwa kakishika kwapani. Nikamuuliza upuuzi huu anautakia nini hasa. Akatazama mlango kwanza.

"Bibi, vitanda vya bweni ni vya wanatimu. Mvaa vazi naye anahesabiwa. Nilipokosa namba waliniambia nihame. Bila huyu nungunungu nitasomea wapi, na kutoka nyumbani ni mwendo wa saa tatu kwenda na kurudi?"

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema ningekwenda kupigana na mlezi wa bweni. Uongo. Ningemsema tu.

Filimbi ikalia. Akavaa kichwa, akatoka mbio.

Nikachomoa sindano kwenye kilemba, nikamfuata kando ya mstari. Akiruka, nafumba macho. Akijiviringisha, naomba toba. Alipopita karibu nikamkamata mkia, nikauvuta mwiba mmoja. Hautoki. Nikavuta mwingine kwa nguvu zangu zote. Nungunungu akaniangukia mzima mzima, uwanja ukashangilia ukidhani ndio mchezo wenyewe. Na mwiba uko palepale! Nikautazama shinani: mishono midogo, imebana, imepinda kama mlevi.

Fundi Mluzi akaja kuniinua. Akaninong'oneza: "Mama, niliiona ile bandi. Nikajua macho yameanza kukupungukia. Nimeishona upya miiba yote usiku kucha. Usijali, simwambii mtu."

Nifanyeje? Nikikana, nimejitaja. Nikamshika mkono, nikasema asante mwanangu, ni kweli, siku hizi naona ukungu. Mimi huyo, kukiri uzee! Lakini kifua, jamani, kama niliyetua mtungi! Nililia, nikacheka, nikamkumbatia kocha kiunoni, maana ndiko nilikofikia. Timu ilifungwa vibaya. Hakuna aliyejali. Watu walipanga foleni kugusa miiba.

Jumapili, 10 Machi

Kitanda ni chake hadi mwisho wa mwaka. Kocha ameshatia saini.

Asubuhi Fundi Mluzi alikuja kunitungia uzi kwenye sindano kumi na mbili, zinitoshe wiki nzima. Nikakaa kama kipofu, nikamwacha. Kumbe mluzi wake ukiusikia kwa karibu si mbaya.

Mjukuu wangu naye amenikalisha. La bandi halijui, ila mimi ananijua. Akaniapisha: nisitie mkono kwenye jambo lake lolote kabla ya kumuuliza. Nikaapa. Nikamwambia nimekoma, na lilitoka moyoni.

Akiwa anaaga, akasema kitanda chenyewe kiko chini ya dirisha lisilofungika. Dirisha! Na kifua kile alichonacho tangu utotoni!

Kesho asubuhi nipo mlangoni kwa mlezi wa bweni, na pazia zito, nyundo na misumari. Mjukuu wangu nitamuuliza nikisharudi.