Mkasi Wangu wa Nguo na Waya wa Betri

Kwa Shemeji Mkubwa, mwenye duka la vifaa vya umeme, na mshauri mkuu wa nyumba hii kwa njia ya simu.

Shemeji,

Natumaini u mzima na biashara inakwenda. Sisi hatujambo, isipokuwa mkasi wangu. Naandika kwa heshima zote, kwa sababu nyumbani kwetu tulifundishwa kwamba mkubwa hagombezwi, huandikiwa barua.

Unazikumbuka zile betri mbili za lori ulizompa mdogo wako, mume wangu. Kwa mapenzi yake kwangu aliamua kuziunganisha, ili cherehani yangu isisimame umeme unapokatika. Nililipenda wazo lile hata nikamsifia mbele ya majirani. Akanunua waya mnene kama kidole gumba, kisha akakupigia simu kuuliza anahitaji vifaa gani vya kuukata, kuumenya na kuubana. Ukamjibu kwamba mchagua jembe si mkulima, atumie alichonacho. Alichonacho, Shemeji, ni changu. Kwa hiyo naomba kuwasilisha malalamiko yafuatayo.

1. Kuhusu kukata. Waya ulikatwa kwa mkasi wangu wa nguo. Tuseme ulitafunwa, maana ncha ilitoka bapa kama mswaki uliochakaa. Mkasi nao umebaki na mapengo mawili: ukiingia kwenye kitambaa unakata, unaruka, unakata tena. Jumamosi natakiwa kukabidhi sare za kwaya, na mwenyekiti wa kwaya ni mama anayegeuza nguo ndani nje kabla hajasalimia. Nikiikosa kazi hii nitakuwa na umeme wa kutosha wa kukalia cherehani bila kushona. Nimeumia, Shemeji, na hapa sifanyi utani. Mkasi ule ndio unaowalisha watoto wa mdogo wako.

2. Kuhusu kumenya. Ili kuondoa mpira wa juu, mume wangu alianza na kisu cha mkate, akahamia kwenye wembe wangu wa kufumulia mishono, akamalizia kwa meno. Kisu kilikata mpira pamoja na nusu ya nyuzi za shaba zilizo ndani. Nilipomwonyesha zilizoanguka sakafuni, alinieleza kwa upole kwamba hizo ni za ziada. Bila shaka kiwanda huziweka kwa ukarimu tu. Jino lake linalocheza tangu siku ile nalo litakuwa la ziada.

3. Kuhusu kubana. Kuna kichwa cha shaba kinachovishwa mwisho wa waya ili ufungwe kwenye betri. Mdogo wako alikibana kwa nyundo, juu ya pasi yangu. Nilimuuliza kwa nini pasi, akasema kwa sababu ni nzito. Akamwita mama mkwe aje kuona, na mama akatangaza kwamba mwanawe ana mikono ya dhahabu. Mimi nikakishika kile kichwa kwa vidole viwili, kikachomoka kama pete ya kuazima. Akakirudisha, akakiongezea nyundo. Tulipowasha, cherehani ilishona kola moja, waya ukapata joto, mpira ukanuka, moshi ukajaa chumbani. Mama mkwe alifika nje kabla yetu sote, ingawa tunajua jinsi magoti yanavyomsumbua.

4. Kuhusu elimu. Fundi wa magari wa mtaani kwetu alikuja kutuokoa, akacheka kwanza, kisha akanieleza. Waya mnene unataka mkasi wake wa mikono mirefu na mdomo wa mviringo, unaoukumbatia waya bila kuuponda. Unataka kimenyeo kinachowekewa kipimo cha kina cha kukata, kiishie kwenye mpira kisiguse shaba. Na unataka koleo la kubania lenye mdomo unaolingana na unene wa waya na kichwa chake. Hayo si maajabu. Hata mimi sishonei hariri kwa sindano ya jinzi. Mkulima hachagui jembe, sawa, lakini halimi kwa kijiko.

5. Kuhusu haki sawa. Kwa kuwa sheria ya nyumba sasa ni kutumia kilichopo, na mimi nimeitii. Mikanda ya viti vya gari lake nimeigeuza vishikio vya mikoba. Koti lake la harusi limetoa mifuko mizuri sana. Akinuna, namkumbusha ya jembe na mkulima. Tukienda hivi, karibuni gari lote litakuwa mikoba, naye atakwenda kazini kwa miguu, amevaa kitakachobaki.

Ninachoomba ni kidogo. Utume vile vifaa vitatu, na utamke mbele ya ukoo mzima kwamba kila kifaa kina kazi yake, na atakayekitumia kwa kazi nyingine hana adabu. Ukishindwa, basi mchukue mdogo wako ukae naye dukani. Mweke rafu ya juu, watoto wasimfikie.

Msalimie mkeo, watoto, na yule muuzaji wako anayecheka kila akiipokea simu yetu. Mama mkwe anakusalimu. Siku hizi anakaa karibu na mlango.

Ni mimi, kwa heshima na pasi iliyobonyea,
Mke wa mdogo wako

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, mzigo wako umefika. Kumbe vifaa vyote vitatu ulivituma mara tu baada ya ile simu, na ya jembe ulikuwa unamtania. Asante sana. Mdogo wako hayupo, kwa hiyo nimevijaribu mwenyewe. Ule mkasi wa waya unakata turubai lililokunjwa mara nane bila kunung'unika, na koleo linabana vishikizo vya chuma vya mikoba kuliko kifaa chochote nilichowahi kushika. Akikupigia simu, tafadhali mwambie mzigo bado uko njiani. Hivi nimeshavifungia kwenye droo yangu ya nyuzi, na sitaki mtu avikatie waya.