Kiboko Mvaa Miwani Atolewe Kitabuni

Ndugu Mhariri wa Vitabu vya Watoto,

Pokea salamu zangu. Mimi ni fundi cherehani, dada mkubwa wa marehemu mwandishi wenu, yule ambaye watoto wamemsoma mpaka nao wakapata wajukuu. Nasikia mnachapa upya kitabu chake cha Kiboko Mvaa Miwani, yule anayekoroma mchana kutwa huku akiapa kwamba halali. Kwa heshima na taadhima, naomba kiboko huyo atolewe. Kiboko huyo ni mimi.

1. Mama alipotutoka, huyo mdogo wangu nilimlea mimi. Kusoma nilimfundisha kwa magazeti ya kufungia vitambaa. Shukrani yake ikawa kunimwaga kama mtama penye kuku wengi!

2. Mimi sikoromi. Nafumba macho ili nipime nguo kwa akili.

3. Mchoraji wenu alikuja kwangu, nikampa chai na mkate, kumbe mwenzangu ananichora. Hata kamba niliyofungia miwani ameiweka! Jamani, ndio utu huo?

4. Watoto wakija kupimwa sare hunisalimu, "Shikamoo, Bibi Kiboko." Naitikia marahaba, nifanyeje, si wameamkia kwa adabu? Juzi mmoja akaniomba nikorome kidogo. Nikakoroma. Hapo nikajua mambo yamefika pabaya.

5. Mjukuu wangu ameandika kwenye mtihani kwamba kiboko ni mnyama anayeshona. Kapewa sifuri. Basi naomba viboko wote waondolewe pia kwenye vitabu vya sayansi, mpaka shauri langu liishe.

Kama lazima awepo mnyama, wekeni twiga. Katika ukoo wetu hakuna mrefu wa kulalamika.

Kama ushahidi, naambatanisha karatasi alizoandika kwa mkono wake. Kila hadithi alinisomea kwanza mimi, nikiwa kwenye cherehani. Alishika chaki yangu ya kukatia nguo: nikicheka anatia alama, nisipocheka anafuta habari yote.

Nisalimie wapiga chapa wote na mama anayefagia ofisi. Mchoraji naye msalimie, ila kwa mbali.

Ni mimi niliyedhalilishwa,
Dada wa Marehemu

Tanbihi: Kabla ya kufunga bahasha nimezipitia zile karatasi. Sungura wa hadithi nyingine ana alama moja. Kiboko amejaa chaki kuanzia mwanzo hadi mwisho, na pale anapokoroma kuna alama tano. Kumbe nilicheka, Mhariri, na nilicheka sana. Laiti angekuwepo anisomee tena. Kwa hiyo ole wenu mkimgusa kiboko wangu, na habari za twiga sitaki kuzisikia. Karatasi nazo sizitumi, chaki itafutika njiani. Ukitaka kuziona, karibu kwangu mchana. Ukinikuta nimefumba macho, usiniamshe.